Nani Alimpa Shedrack Kazi Yetu?

Mwezi wa Julai, kijiji cha Igowole wilayani Mufindi huamka na ukungu. Veneranda aliwasha moto jikoni kwa kuni zilizolowa umande, akapuliza mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akainjika sufuria ya uji. Uji ulipokuwa ukichemka alifagia uwanja, akawaamsha wadogo zake, akavaa sweta juu ya sare na kushika njia ya shule, mikono ameificha kwapani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na shuleni walimjua kama msichana anayejibu swali kabla mwalimu hajamaliza kuliuliza.

Penye njia panda ya mashamba ya chai alimkuta Ikupa akimsubiri. Ikupa alikuwa mgeni. Alitoka Igawa, kule Mbarali kwenye joto na mashamba ya mpunga, akaja kukaa na shangazi yake, Mama Tumpe, ambaye alikuwa amejifungua mapacha na kuhitaji mtu wa kumsaidia. Baridi ya Mufindi ilikuwa bado haijamkubali. Alivaa sweta mbili, na bado meno yalikuwa yakigongana.

"Kamwene," Veneranda alimsalimia.

"Kamwene," Ikupa aliitika. Lilikuwa moja ya maneno machache ya Kihehe aliyokwisha kuyajua.

"Leo utauona moto wa Mwalimu Silvester. Amesema anagawa kazi ya mradi."

Na kweli, kipindi cha historia kilipofika, Mwalimu Silvester aliwagawa wanafunzi wawili wawili. Mada ilikuwa moja kwa wote: mabaharia wa Ulaya waliotangulia kuizunguka Afrika wakitafuta njia ya kwenda India. Kila kundi litafute habari, lichore ramani kwenye karatasi ya manila, kisha lieleze kazi yake mbele ya watu siku ya wazazi. Kundi litakalofanya vizuri kuliko mengine lingekwenda Mafinga kuiwakilisha shule katika maonyesho ya wilaya.

"Someni, muelewe, halafu muandike kwa maneno yenu," alisema Mwalimu Silvester. "Sitaki kasuku hapa."

Veneranda alipangwa na Ikupa. Moyoni hakufurahi sana. Alitamani kupangwa na Apolonia, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, maana alitaka mno kwenda Mafinga. Mwaka uliopita nafasi kama hiyo ilichukuliwa na Shedrack, mvulana asiyependa kushika kitabu lakini mwenye ulimi mwepesi, anayeweza kusimama mbele ya watu na kuongea kana kwamba amezaliwa jukwaani. Veneranda hakuwa amelisahau jambo hilo hata siku moja.

Waligawana kazi. Ikupa alichagua Vasco da Gama, Mreno aliyefika pwani ya Afrika Mashariki na kuendelea mpaka India. Veneranda alichukua habari za Bartolomeu Dias, Mreno mwingine aliyemtangulia da Gama kwa miaka kumi.

Kitabu cha darasani kilikuwa na mistari minne tu kuhusu Dias. Veneranda aliisoma, akaiona haitoshi kumpeleka mtu Mafinga. Jumamosi jioni akamwomba kaka yake Danieli simu. Danieli alikuwa fundi pikipiki, na simu yake ilinuka oili, lakini mtandao ulikuwa mzuri. Baada ya kutafuta kidogo, Veneranda alipata ukurasa wa Kiswahili wenye habari ndefu na tamu, zenye mambo ambayo kitabu cha darasani hakikuyataja kabisa. Akachukua kalamu na kunakili neno kwa neno, mpaka mwisho.

Jumatatu Ikupa aliisoma karatasi ile mara mbili.

"Umeyapata wapi haya yote?" aliuliza.

"Nimesoma vitabu," Veneranda alijibu.

Hakuona ubaya. Mambo ya zamani ni yaleyale, alijiambia, nani atajua yametoka wapi. Akampa Ikupa karatasi aende nayo nyumbani, ili achore ramani inayolingana na maelezo.

Siku mbili baadaye, wakati wa mapumziko, Veneranda alikwenda nyuma ya madarasa kuchota maji ya kumwagilia bustani. Kabla hajafika penye tangi alisikia sauti ya Shedrack. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, anafanya mazoezi mbele ya mwenzake.

"Bartolomeu Dias," alisema Shedrack kwa sauti nzito, "shujaa asiyetishwa na mawimbi, aliizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488, akatia nanga Mombasa, ambako wenyeji walimpokea kwa ngoma na vifijo."

Ndoo ilibaki ikining'inia mkononi mwa Veneranda. Shujaa asiyetishwa na mawimbi. Ngoma na vifijo. Yalikuwa maneno yake. Hayakuwa yanafanana tu, yalikuwa yaleyale, yamepangwa vilevile. Na nje ya nyumbani kwao, karatasi ile ilikuwa imeshikwa na mtu mmoja tu.

Alirudi darasani bila maji. Ikupa alikuwa kwenye dawati, anachonga penseli, akamtabasamia kama kawaida. Veneranda hakulirudisha tabasamu lile. Kwa mara ya kwanza aliliangalia kwa makini, akajiuliza lina nini nyuma yake.

Kuanzia saa hiyo macho yake yakawa mapya. Mambo aliyokuwa akiyaona kila siku bila kuyajali, sasa yalikuwa na maana. Kwa nini Ikupa siku hizi hasubiri waondoke pamoja baada ya masomo? Kwa nini hufungasha vitu vyake haraka na kusema shangazi anamhitaji? Alhamisi Veneranda aliamua kumfuata kwa mbali. Ikupa hakukata kushoto kuelekea kwa Mama Tumpe. Alinyoosha, akapita mbele ya kanisa, akaingia kwenye uwanja wa nyumba yenye bati jekundu. Veneranda aliifahamu nyumba ile. Ilikuwa kwao Shedrack.

Alijibanza nyuma ya uzio wa matete na kusubiri. Baridi ilimpenya miguuni. Ikupa alikaa huko muda mrefu, na alipotoka alikuwa ameshikilia kitu chini ya sweta. Alitazama huku na huku kabla ya kuingia barabarani.

"Kumbe," Veneranda alinong'ona.

Hata hivyo hakusema kitu. Alitaka kumnasa vizuri. Kesho yake alimwita Ikupa pembeni na kumwambia, kama mtu anayetoa siri, "Sikia, nimegundua jambo. Da Gama alipoondoka Ureno alikuwa na meli saba. Liandike hilo kwenye sehemu yako."

Huo ulikuwa mtego. Idadi ile ya saba aliitunga mwenyewe. Shedrack akiitaja kwenye mazoezi yake, basi mwizi atakuwa amejulikana.

Ikupa alikunja uso. "Saba? Mbona kitabu kinasema nne?"

"Kitabu gani?"

"Kuna kitabu tu," alisema, na kuangalia chini.

"Kitabu gani, nakuuliza. Cha darasani hakitaji meli."

"Nitakuambia siku nyingine, Vene. Mwenyewe amenikataza kusema."

Veneranda aliyashika maneno hayo. Mwenyewe amemkataza. Mwenyewe ni nani kama si Shedrack? Bila shaka walikuwa wamekubaliana: yeye anapeleka kazi ya Veneranda, na Shedrack naye anampa kitabu cha kumsaidia. Alisubiri siku nzima kumsikia Shedrack akitaja meli saba. Hakumsikia. Lakini hata hilo halikumtuliza. Alijiambia kwamba Ikupa ni mjanja, ameushtukia mtego.

Siku hiyo alimweleza Apolonia yote. Apolonia alisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Na mimi nimewahi kumwona anaongea na Shedrack bombani," alisema Apolonia. "Walinyamaza nilipofika."

"Walinyamaza?"

"Kabisa."

Apolonia hakuwa mtu wa kukaa na neno tumboni. Kufikia mapumziko ya Jumatatu darasa zima lilikwisha kujua. Wakati wa kunywa uji, wasichana waliokuwa wakikaa karibu na Ikupa walisogea upande wa pili wa benchi. Alipoomba kuazima rula, mmoja alimjibu, "Nikikupa utaipeleka kwa nani?" na wengine wakacheka. Ikupa hakuelewa. Alimtafuta Veneranda kwa macho, kama anayeomba kutafsiriwa jambo lililosemwa kwa lugha asiyoijua. Veneranda akageukia dirishani.

Alimwona Ikupa akimalizia uji wake peke yake, karibu na ukuta, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Kitu kidogo kilimchoma Veneranda kifuani. Alikinyamazisha upesi. Aliyeibiwa ni mimi, alijiambia.

Mchana huo akaenda ofisini kwa Mwalimu Silvester.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Veneranda. Karibu. Una nini?"

"Mwalimu, Ikupa amempa Shedrack kazi yetu. Nimemsikia Shedrack kwa masikio yangu. Anasema maneno yetu yote."

Mwalimu Silvester aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi chache na desturi ya kufikiri kwanza kabla ya kujibu.

"Umemuona Ikupa akimpa?"

"Hapana, lakini huwa anakwenda kwao. Nimemfuata."

"Umemuuliza anakwenda kufanya nini?"

"Anaficha, Mwalimu."

"Sawa. Kesho nitawaita wote watatu."

Lakini kesho yake Ikupa hakuja shule. Penye njia panda hapakuwa na mtu. Veneranda alisimama pale kidogo, bila kujua kwa nini, kisha akaendelea na safari. Alijiambia kwamba amekimbia kwa sababu amejua ameshikwa.

Saa nne Mwalimu Silvester alimwita ofisini pamoja na Shedrack. Ramani ya Afrika ilikuwa imetundikwa ukutani.

"Shedrack, nieleze habari za Bartolomeu Dias. Usisome popote, niambie tu."

Shedrack akakohoa, akaanza. "Bartolomeu Dias, shujaa asiyetishwa na mawimbi..." Akaenda nayo mpaka Mombasa, ngoma na vifijo.

"Vizuri. Veneranda, na wewe."

Veneranda akaeleza. Aliposema "ngoma na vifijo" alimtazama Shedrack kwa ushindi. Sasa Mwalimu amesikia mwenyewe.

Mwalimu Silvester aliwaangalia wote wawili, akachukua rula na kuigusa ramani, upande wa chini kabisa.

"Dias alipita hapa. Aliizunguka ncha hii, akaanza kupanda upande wa mashariki. Mabaharia wake wakachoka. Chakula kilikuwa kinapungua, wakakataa kuendelea. Akalazimika kugeuza meli na kurudi kwao." Rula ilisimama pwani ya Afrika Kusini. "Mombasa iko huku juu kabisa. Dias hakufika Mombasa. Hakuiona. Aliyefika huko ni da Gama, miaka kumi baadaye. Sasa mnieleze, ninyi wawili, ngoma na vifijo mmevitoa wapi?"

Shedrack alijikuna kichwa, akacheka kidogo kwa aibu.

"Mwalimu, mimi sidanganyi. Nilichukua kwenye simu ya mjomba. Niliandika jina la Dias, ukaja ukurasa mmoja wa Kiswahili, nikaunakili. Sikujua kama una uongo."

"Hukupewa na mtu?"

"Nipewe na nani? Ulikuwepo tu kwenye simu."

Veneranda aligeuka kumtazama Shedrack. Ukurasa mmoja wa Kiswahili. Aliuona mbele ya macho yake, na simu ya Danieli yenye kunuka oili. Ikupa hakuwa amempa Shedrack kitu chochote. Wote wawili walikuwa wamechota mahali pamoja, na uongo uleule ulikuwa umewaingia wote.

"Na wewe, Veneranda?" aliuliza Mwalimu. "Hii sehemu ya Dias aliiandika nani?"

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kusema kweli. Veneranda aliuona. Lakini Shedrack alikuwa amesimama pale pale, na Veneranda alikuwa Veneranda, yule anayejua majibu. Sauti yake ikatoka nyembamba.

"Tuliandika... tuliandika pamoja na Ikupa, Mwalimu."

Mwalimu Silvester hakubisha. Alimtazama kwa muda, mpaka Veneranda akainamisha kichwa.

"Basi Ikupa akija tutamuuliza na yeye," alisema. "Nendeni darasani."

Siku ile Veneranda hakujibu swali hata moja. Ukungu uliondoka, jua likatoka, yeye akakaa kama mtu mwenye homa. Alikuwa amemshitaki Ikupa kwa jambo ambalo hakulifanya, na sasa alikuwa amemtwisha jingine. Kengele ya mwisho ilipolia hakumsubiri Apolonia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mama Tumpe.

Mama Tumpe alikuwa barazani ananyonyesha pacha mmoja, mwingine amelala kwenye mkeka. Uso wake haukuwa wa kukaribisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Veneranda?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwenzako yuko ndani anapanga nguo. Anasema anataka kurudi kwao Igawa. Kesho mjomba wake anapita na basi la Mafinga, ataondoka naye. Nimemuuliza kuna nini shuleni, hasemi. Analia tu. Labda wewe utaniambia."

Ikupa alitokea mlangoni, macho yamevimba, mkononi ana karatasi kadhaa zilizokunjwa vizuri. Akamnyooshea.

"Nilikuwa nataka nikuletee shule, ila sikuweza kuja," alisema. "Sehemu ya da Gama nimemaliza. Na ramani. Utaeleza peke yako, utaweza." Akaigusa karatasi ya juu. "Kuna jambo kwenye sehemu yako, Vene. Kuhusu Mombasa. Dias hakufika. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Niliogopa utakasirika."

"Ulijuaje?"

"Eveline, dada yake Shedrack, yuko kidato cha tatu. Ameazima kitabu maktaba ya sekondari, cha Kiingereza. Kila jioni nilikuwa nakwenda kwao, ananisaidia kukisoma. Maneno mengi siyajui, tunatafuta kwenye kamusi. Alinikataza kusema, maana hakuruhusiwa kukiazimisha, na aliogopa darasa zima litahamia kwao. Siku moja tu alinipa nije nacho hapa, nichore ramani. Nilikificha kisilowe. Hata Shedrack nilimwomba, siku moja bombani, asimwambie mtu."

Hicho ndicho kitu cha chini ya sweta. Hiyo ndiyo siri yote. Wakati Veneranda alipokuwa amejibanza nyuma ya uzio akihesabu makosa ya mwenzake, mwenzake alikuwa ndani anahangaika na maneno ya Kiingereza, kwa ajili ya kazi yao wote wawili.

"Shedrack naye alisoma kitabu hicho?" aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Shedrack alikuwa anacheza mpira nje. Eveline alimwita mpaka akachoka."

Veneranda alikaa chini pale barazani. Alitaka kuanza na maneno mazuri, hakuyapata, akayasema kama yalivyokuja.

"Mimi ndiye niliyesema shuleni kwamba umempa Shedrack kazi yetu. Nilimwambia Apolonia, nikamwambia na Mwalimu. Nilikufuata mpaka kwao. Ile ya meli saba niliitunga nikutege. Na sehemu yangu sikusoma vitabu, Ikupa. Nilinakili kwenye simu ya kaka. Shedrack naye alinakili hukohuko. Leo Mwalimu ameniuliza, nikamwambia tuliandika pamoja na wewe."

Mama Tumpe alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto. Ikupa alisimama mlangoni, uso wake haujabadilika, kama mtu ambaye maneno yale bado yalikuwa njiani kumfikia.

"Uliniona mwizi," alisema hatimaye, taratibu. "Siku zote hizo. Na mimi nikawa najiuliza nimekukosea nini."

"Hukunikosea. Naomba unisamehe."

Ikupa aliingia ndani na kurudisha pazia. Veneranda akatazama mikono yake.

"Mwanangu," alisema Mama Tumpe, na sauti yake ilikuwa imelainika kidogo, "kunieleza mimi hapa barazani ni jambo zuri. Lakini yeye hakuaibishwa hapa barazani. Aliaibishwa shuleni, mbele ya wenzake."

"Najua, Mama."

"Basi unajua pa kwenda."

Asubuhi iliyofuata Veneranda hakunywa uji. Alitangulia shuleni, akamsubiri Mwalimu Silvester mlangoni pa ofisi na kumweleza yote bila kujitetea. Kisha akamwomba ruhusa ya kusema mbele ya darasa. Mwalimu alikubali. Veneranda alisimama mbele, mahali ambapo siku zote alipapenda, na safari hii akatamani sakafu immeze. Alisema Ikupa hakuiba kitu, na kwamba siku hiyo alikuwa anataka kurudi Igawa kwa basi. Alisema aliyedanganya ni yeye, na wala hakumtaja Apolonia. Shedrack alikaa ameinamisha kichwa, kisha naye akasimama bila kuitwa.

"Na mimi nilinakili," alisema, akaketi.

Apolonia alikuwa na machozi. Ndiye aliyeomba ruhusa ya kwenda kumwita Ikupa kabla basi halijapita. Mwalimu alimpa, akaenda mbio. Walirudi pamoja, Ikupa akiwa na sare na sweta zake mbili. Baadaye Veneranda alisikia kwamba Ikupa alikwisha kumwambia mjomba wake atangulie, hata kabla Apolonia hajafika. Alisema hataki kuiacha kazi yake nusu.

Mwalimu Silvester hakuwachapa, wala hakuwatoa kwenye mradi. Adhabu yake ilikuwa nyingine. Maelezo ya Dias yaliyonakiliwa yafutwe yote, na Veneranda pamoja na Shedrack waandike upya, kila mmoja kwa maneno yake, baada ya kusoma. Alimwandikia ujumbe mwalimu wa maktaba wa sekondari, na kitabu kikaruhusiwa kusomwa na wanafunzi wake bila kujificha. Kwa hiyo kila jioni watoto watatu walikaa kwenye benchi moja nyumbani kwa Shedrack, kamusi katikati, na Eveline akiwasimamia. Ilikuwa kazi ngumu. Ukurasa mmoja uliweza kuwachukua jioni nzima. Siku za kwanza Ikupa aliongea na Veneranda mambo ya kitabu tu, hakuongeza neno. Veneranda hakumlazimisha. Alitafuta maneno kwenye kamusi, akasubiri.

Jioni moja walifika mahali palipoeleza jinsi mabaharia wa Dias walivyogoma kuendelea. Ikupa akasoma, akafikiri.

"Unajua, hata mimi ningegoma," alisema. "Kama huko baharini kulikuwa na baridi kama ya Igowole."

Veneranda akacheka kwanza, halafu Shedrack, na mwisho Ikupa mwenyewe.

Siku ya wazazi Veneranda na Ikupa walieleza kazi yao vizuri. Haikuwa na shujaa asiyetishwa na mawimbi. Ilikuwa na mtu aliyekwenda mbali, akachoka pamoja na wenzake, akarudi. Hata hivyo, nafasi ya kwenda Mafinga ilikwenda kwa kundi la Apolonia, waliochora ramani nzuri ya safari ya da Gama na kutaja vitabu vyote walivyosoma. Veneranda alipiga makofi. Yalimtoka moyoni, na mwenyewe alishangaa kidogo.

Wazazi walipokwisha kuondoka, Mwalimu Silvester aliwakuta Veneranda na Ikupa wakibandua manila ukutani.

"Veneranda," alisema, "ulipomsikia Shedrack akisema maneno yako, ulijiuliza jambo gani?"

"Nilijiuliza nani ameniibia, Mwalimu."

"Lilikuwa swali zuri. Lakini lilikuwa nusu ya swali. Hukujiuliza: je, mimi mwenyewe niliyatoa wapi? Ungeuliza hivyo, ungejua siku ileile, na mwenzako asingekunywa uji peke yake." Alisaidia kuikunja manila huku akiendelea. "Mtu aliyemficha mwenzake jambo ni mwepesi kumwona kila mtu anaficha. Ndiyo maana nawaambieni, anayesoma historia huuliza kila habari imetoka wapi. Ya kwenye simu aiulize. Ya kwenye kitabu aiulize. Na ile inayotoka moyoni mwake kuhusu mwenzake aiulize zaidi, tena amuulize mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajamwambia mtu mwingine."

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema Veneranda.

"Ikupa, na wewe una la kusema?"

Ikupa alifikiri. "Siku nyingine nikiona kosa kwenye kazi ya mwenzangu nitamwambia mapema, Mwalimu. Hata kama atakasirika."

"Atakasirika kidogo," alisema Mwalimu Silvester, "halafu atakushukuru. Sasa nendeni nyumbani, ukungu unashuka."

Wakatoka pamoja, wakashika njia ya mashamba ya chai.